Mpira wa intakula unachomoka hata klipu ikikazwa: pima upepo kabla ya kununua turbo

*Swali: Shikamoo fundi. Nina Toyota Hilux Vigo 3.0 D-4D. Naishi Iringa na kila wiki nashuka Ruaha Mbuyuni kuchukua vitunguu. Mwezi uliopita nilibadilishiwa wosha za nozeli. Tangu hapo mpira wa intakula umechomoka mara mbili nikipanda mlima wa Kitonga na mzigo. Fundi akakaza klipu mpaka mwisho. Sasa hauchomoki, ila gari haivuti, inatoa moshi mweusi, na nikikanyaga mafuta nasikia kitu kinafoka chini ya boneti. Fundi anasema turbo imekufa, nitafute ya mtumba. Nifanyeje?*

Marahaba, ndugu yangu. Turbo usinunue bado. Katika yote uliyoeleza, lililonishika zaidi ni hizo wosha za nozeli. Injini yako ni 1KD-FTV, ileile iliyo kwenye Prado nyingi za dizeli za miaka hiyo, na intakula yake, yaani kile kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo, imekaa juu ya injini, chini ya ule mdomo wa hewa ulio kwenye boneti. Fundi hazifikii nozeli bila kuitoa. Kwa hiyo mwezi uliopita klipu za intakula zilifunguliwa, mipira ikavutwa, kisha vyote vikarudishwa. Gari lilikuwa zima, likaanza kuchomoa mpira baada ya kazi hiyo. Turbo haifi kwa sababu umebadilisha wosha, lakini mpira ukirudishwa vibaya huchomoka, na hicho ndicho kilichokupata.

Tuanze na nguvu ambayo klipu inapambana nayo, maana wengi wanaiona kama kitu cha bei ya soda na hawaipi heshima yake. Turbo yako ikiwa kazini inajaza upepo kwa presha ya karibu bar 1 juu ya presha ya hewa ya nje, wakati mwingine zaidi kidogo. Chukua mpira wenye kipenyo cha milimita 60. Presha hiyo ikisukuma mdomo wa upana huo, nguvu ya kuuchomoa ni kama uzito wa kilo 29, yaani zaidi ya nusu mfuko wa saruji unaning'inia kwenye mpira. Juu yake weka joto: hewa inayotoka kwenye turbo ikiwa na mzigo inaweza kupita nyuzi 120, na mpira ukipata moto hulainika. Pale Kitonga mambo haya yote yanakutana. Mzigo umejaa, gia ni ndogo, mguu umekandamiza akseleta kwa dakika nyingi, na mwendo ni mdogo kiasi kwamba upepo wa kupooza intakula ni hafifu. Ndiyo maana mpira hauchomoki ukizunguka mjini Ipogolo, unasubiri mlima.

Kitu kinachoushika mpira si klipu peke yake. Ukiangalia mdomo wa bomba la intakula utaona karibu na mwisho wake kuna kituta kilichoinuka kuzunguka bomba lote. Mpira unatakiwa uvuke kituta hicho, ukae chini kabisa, na klipu ikae nyuma ya kituta, upande wa ndani. Hapo mpira ukitaka kutoka, klipu inagonga kituta na kuzuiwa. Klipu ikikaa juu ya kituta, au mpira usipoingia wote, hata ukaze mpaka mikono iume, unakaza kwenye mteremko. Upepo utausukuma mpira pole pole, milimita kwa milimita, mpaka utoke. Gari linalochomoa mpira uleule mara mbili, hapo ndipo ninapoangalia kwanza.

Cha pili ni mafuta. Ndani ya mipira ya turbo huwa kuna utando wa oili, kwa sababu mvuke wa oili kutoka kwenye injini unapitia bomba la kupumulia na kuingia kwenye njia ya hewa kabla ya turbo. Utando mwembamba ni wa kawaida, usiogope. Lakini fundi anapotoa mpira na kuurudisha bila kufuta, oili hiyo inabaki kati ya mpira na chuma, na mpira wenye oili unateleza kama samaki mkononi. Futa mdomo wa bomba na sehemu ya ndani ya mpira kwa spreya ya kusafishia breki au spiriti, acha pakauke kabisa. Usisafishe mpira kwa petroli wala dizeli. Vinauvimbisha na kuulegeza. Na tafadhali, usipake grisi ili mpira uingie kwa urahisi. Ukigoma, tumia maji yenye sabuni kidogo tu. Wapo wanaotumia spreya ya nywele, na mimi naikubali: ikiwa mbichi inatelezesha, ikikauka inanata.

Cha tatu ni boliti za intakula yenyewe. Intakula imeshikwa na boliti kwenye vishikio vyake. Nimefungua magari mengi yaliyotoka kwenye kazi ya nozeli nikakuta boliti mbili hazipo kwa sababu zilidondoka na hakuna aliyezitafuta. Intakula ikilegea, uzito wake wote na mtikisiko wa injini vinabebwa na mipira. Hesabu boliti zako, kisha ishike intakula uitikise kwa mkono injini ikiwa imepoa. Haitakiwi kucheza.

Sasa tuje kwenye hicho kitendo cha kukaza mpaka mwisho, kwa sababu nadhani ndicho kilichozaa sauti unayoisikia. Klipu ya kawaida, ile ya skrubu na mkanda wenye matundu, iliasisiwa na Mwingereza Lumley Robinson, aliyekuwa mwanajeshi wa majini, akapewa hataza yake mwaka 1921. Ni kifaa kizuri, lakini kina tabia yake. Ukizidisha, meno ya mkanda yanazama kwenye mpira na kuukata, au mpira unabinyika na kutokeza kwenye matundu kama unga wa chapati. Pia mkanda haubani sawasawa pande zote. Chini ya kichwa cha skrubu huacha sehemu ndogo isiyobanwa vizuri, na ukikaza sana sehemu hiyo inazidi kuinuka. Kwa klipu ya skrubu ya upana wa kama milimita 12, nyutonimita 4 hadi 5 zinatosha. Kama huna spana ya kupimia nguvu, tumia bisibisi ya mpini au soketi namba 7 kwenye mpini mfupi, kaza kwa kifundo cha mkono, si kwa bega. Ukiona mpira umeanza kutokeza kwenye matundu, umeshapita.

Kwa hiyo picha ninayoiona ni hii: mpira haukukaa mahali pake, au ulikuwa na oili, ukachomoka. Klipu ikakazwa kupita kiasi ili kufidia. Sasa umeshikwa lakini umekatwa, na upepo unafokea kwenye jeraha hilo.

Moshi mweusi nao unaingia hapohapo. Hewa ya gari lako inapimwa na sensa iliyo karibu na filta ya hewa, kabla ya turbo. Kompyuta inaihesabu na kumwaga dizeli kulingana nayo, lakini sehemu ya hewa hiyo imetoroka njiani. Dizeli inabaki nyingi kuliko hewa, haiungui yote, inatoka masizi. Na hapa kuna jambo linalonifanya niseme kwa msisitizo: turbo za injini hii zina mapezi yanayofunguka na kujifunga kwa amri ya kompyuta. Kompyuta ikiona presha haifiki, inaendelea kuyabana ili turbo izunguke kwa kasi zaidi. Turbo inakimbia kuliko ilivyopaswa ili kujaza mpira uliotoboka. Ukifunga turbo nyingine bila kuziba uvujaji, unaipeleka mpya kwenye mateso yaleyale.

Hilo nalisema kwa uchungu. Miaka mingi nyuma, nikiwa bado sijajifunza kupima, nilimwambia mteja mwenye Prado anunue turbo. Alichangisha fedha, tukafunga, tukatoka barabarani, na gari likawa vilevile. Niliporudi na kuufungua kila mpira nikauzungusha mkononi, nilikuta ufa wa urefu wa kidole upande wa chini wa mpira, mahali unapogusana na kishikio cha chuma. Ukiuangalia kutoka juu ulikuwa mzuri kabisa. Tangu siku ile sijawahi kumwambia mtu anunue turbo kabla ya kuujaza mfumo wake upepo na kusikiliza.

Kabla ya kutumia kifaa chochote, tumia macho. Barabara zetu zina vumbi, na vumbi linakusaidia hapa. Upepo unapovuja unatoka na ukungu wa oili, oili inanata nje ya mpira, vumbi linaganda juu yake. Injini ikiwa imepoa, bila kuiosha kwanza, tafuta mahali penye tope jeusi la mafuta kuzunguka klipu, chini ya mipira, na kwenye pembe za intakula mahali plastiki au bati la pembeni linapokutana na mapezi ya alumini. Mara nyingi uvujaji umejichora wenyewe. Ukipeleka gari kuoshwa injini kabla ya uchunguzi, umefuta ushahidi. Baada ya macho, vidole: toa mpira, ukunje kila upande, tazama ndani. Mpira uliolainika kama jani lililochemshwa, uliovimba, au ambao tabaka la ndani limeachana na la nje, huo hauna dawa.

Kama fundi wako ana mashine ya kusoma data, kuna kipimo kimoja kizuri ambacho wengi wanakiruka. Washa swichi bila kuwasha injini, usome sensa ya presha ya manifodi, lile bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Injini ikiwa imelala, namba hiyo ni presha ya hewa ya mahali ulipo. Dar es Salaam itakuwa karibu kilopaskali 101. Iringa, kwenye mwinuko wa kama mita 1,550, itakuwa karibu 84. Usikubali mtu akuambie sensa imeharibika kwa sababu haisomi 100 Iringa, inasema kweli. Kisha toka barabarani, panda mlima gia ya tatu na mguu chini, mwenzako akisoma. Presha iliyoombwa na iliyopatikana zinatakiwa zifuatane. Kama iliyoombwa inapanda na iliyopatikana inabaki nyuma kwa tofauti kubwa, upepo unapotea au haujazwi. Msimbo P0299 maana yake ni hiyohiyo, presha haikufika. Hautamki kwamba turbo imekufa, ingawa ndivyo unavyosomwa na mafundi wengi. Na uvujaji mdogo unaweza kukaa miezi bila kuwasha taa yoyote kwenye dashibodi.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni kuujaza mfumo upepo injini ikiwa imezimwa. Toa bomba linalotoka kwenye filta, ubaki na mpira wa kuingilia turbo. Tafuta kifuniko cha bomba la plastiki la maji kinachoingia kwenye mpira huo, toboa katikati, funga vali ya tairi ndani yake, ubane kifuniko kwa klipu. Halafu ziba lile bomba la kupumulia oili linaloingia kati ya filta na turbo. Usipoliziba, upepo utaingia kwenye krenki, sehemu ya chini ya injini, na unaweza kusukuma sili za injini. Sasa leta kompresa. Kompresa ya fundi pancha ina presha kubwa mno kwa kazi hii, kwa hiyo lazima kuwe na regyuleta. Anza na PSI 5, usikilize. Panda pole pole, usipite 15. Usisimame mbele ya kifuniko, wala usikitoe kabla upepo haujaisha ndani. Kikiruka kinavunja meno.

Mwagia maji ya sabuni kwenye kila kiungo: turbo na mpira, mpira na intakula, intakula na mpira wa upande wa pili, gasketi ya manifodi, na vali ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini. Mapovu yatakuonyesha. Usishtuke ukisikia mvumo kidogo kwenye kijiti cha oili, kwa sababu daima kuna silinda ambayo vali zake za kuingizia zimefunguka na upepo unapita kwenye ringi. Sauti kubwa inayotoka kwenye bomba la moshi ni habari nyingine, hapo tunaangalia EGR. Injini ikiwa ya moto kidogo ni vizuri zaidi, maana kuna nyufa zinazofunguka mpira ukilainika tu. Gereji zenye mashine ya kujaza moshi kwenye mfumo zitaona matundu madogo haraka, ila presha ya mashine hizo ni ndogo; ufa unaofunguka kwa presha ya Kitonga unaweza kuipita. Naamini upepo na sabuni zaidi.

Uvujaji ukiwa kati ya filta na turbo, usiuchukulie kama ule mwingine. Huko turbo inanyonya, haisukumi. Hutasikia kufoka na moshi hautaongezeka sana, lakini vumbi linaingia bila kuchujwa na kula mapezi ya turbo, kisha silinda. Kwa mtu anayekwenda mashambani, klipu ya upande huo ndiyo ningeikagua kila unapobadilisha oili, hata kama gari linavuta vizuri.

Kuhusu kununua klipu, tupa ile iliyokazwa mpaka mwisho. Meno yake yameshachoka. Chukua saizi inayofunika mpira ikiwa katikati ya nafasi yake ya kukazwa. Klipu kubwa sana ikikazwa mpaka kwenye saizi ndogo inakuwa yai badala ya duara, na yai linavuja pande mbili. Soma maandishi kwenye mkanda: W1 ni chuma kilichopakwa zinki, W2 mkanda haushiki kutu lakini skrubu inashika, W4 yote ni chuma kisichoshika kutu. Wauzaji wengi huuza W2 kwa maneno kwamba ni ya kutoshika kutu. Nenda na sumaku ya spika ya zamani dukani. W2 inanasa vizuri, W4 inashika kwa udhaifu sana au haishiki. Kwa magari ya pwani, Tanga, Mombasa, Zanzibar, skrubu ya W2 hufungwa na chumvi ndani ya muda mfupi, na siku ukitaka kuikaza inakatika.

Upande wa turbo, ambako joto ni kali, mimi hupenda klipu ya boliti yenye springi. Mpira unapopata moto hutanuka, ukipoa hunywea, na klipu ya skrubu haijui kuufuata. Springi inafuata. Kama gari lako lilitoka kiwandani na vibano vya springi mahali fulani, usivitoe kwa kudhani klipu ya skrubu ni bora zaidi. Virudishe kwenye alama ileile viliyoiacha kwenye mpira. Na ukishawishiwa kununua mipira ya silikoni ya bluu, jua mambo mawili. Klipu za mkanda wenye matundu zinaikata silikoni, unahitaji zenye kitambaa cha chuma ndani. Pili, silikoni ya kawaida inanyonya oili na kutoa jasho. Ile ya magari ya dizeli huwa na tabaka la ndani la kuzuia oili, na ndiyo ghali. Kwa fedha hiyohiyo ningenunua mpira halisi wa Toyota.

Ukifunga, acha milimita 3 hadi 5 kati ya klipu na mwisho wa mpira, geuza kichwa cha skrubu mahali bisibisi inafika na pasipogusa boneti wala bomba jingine. Endesha siku chache, kisha asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, kaza tena kidogo. Mpira mpya hukaa na kubonyea baada ya kupata moto mara kadhaa. Kukaza huku kwa pili ndiko kunakosahaulika zaidi kuliko kote.

Wenye Subaru Forester za turbo, Nairobi na kwingineko, watauliza kama haya yanawahusu. Yanawahusu, na kwao ni nyeti zaidi. Hizo ni za petroli zenye sensa ya kupima hewa kabla ya turbo, kwa hiyo mpira ukichomoka injini inaweza kusita au kuzima kabisa, na petroli ya ziada inaunguza katalitiki, kile kisafisha moshi kwenye bomba la moshi. Dizeli yako ina uvumilivu, itakufikisha.

Kama mfumo ukishika upepo bila mapovu na bado gari halivuti, hapo sasa tuizungumzie turbo, na tuikague kwa mkono. Toa mpira wa mbele, shika ekseli ya turbo. Mchezo mdogo wa kwenda kushoto na kulia ni wa kawaida. Mchezo wa kuingia na kutoka haufai, na pezi kugusa ukuta wake ni hukumu. Angalia pia kama kuna oili iliyotuama, si utando. Na moshi ukiwa mweupe asubuhi, pamoja na mlio mkali wa injini kugonga, rudi kwenye nozeli badala ya turbo.

Wiki hii ukilazimika kushuka Ruaha Mbuyuni kabla hujarekebisha, punguza mzigo, na beba bisibisi, klipu mbili na kisu. Mpira ukichomoka mlimani, weka gari pembeni, subiri lipoe, futa oili kwa kitambaa kikavu, urudishe mpira mpaka nyuma ya kituta. Kama umechanika mwishoni na una urefu wa kutosha, kata kipande kilichochanika kwa usawa na ufunge upya. Kama ni ufa katikati, zungushia mpira wa tyubu ya baiskeli kwa kuuvuta sana, tabaka nyingi, ukaze kwa klipu pande zote mbili. Kisha panda kwa gia ndogo bila kupita mizunguko 2,000, mguu mwepesi, malori yakupite.